Ubeti wa Mama Yake Elspeth

Jumatatu, 3 Novemba 1788
Barua kutoka Edinburgh! Bwana Abercairn, mhariri wa kitabu cha nyimbo zetu za kale, anataka wimbo mmoja wa kazi kabla hakijachapwa. Usioguswa hata neno, kasisitiza. Ananishuku? Kati ya nyimbo nne za kale nilizompelekea, tatu nilizitunga mwenyewe. Carruthers, karani wa kanisa, keshapeleka kumi na moja, na ananipita njiani kifua mbele. Keshokutwa naenda kwa Bibi Elspeth Gourlay. Wimbo wake wa kusukia siagi hakuna mwingine aujuaye.

Jumatano, 5 Novemba
Nilimkuta kakaa karibu na moto. Akaanza, akakwama ubeti wa pili. "Mwalimu, wimbo huu hauimbwi umekaa. Shika pipa, usuke maziwa!" Nikasuka, mshairi mzima, yeye akaimba. Nikipunguza kasi, anasahau. Saa mbili nzima! Viganja vikachunika, kalamu haishikiki. Akacheka mpaka akakohoa, eti mikono hii haijawahi hata kuonana na ndoo.

Ubeti wa tatu unamtaja mama yake, Jean wa mikono myekundu. Hapo sauti ilimkatika. Hakuna kaburi lenye jina lile, alisema, limebaki wimboni tu. Nisiliguse. Nikaapa. Nililia na mimi.

Ijumaa, 7 Novemba
Mikono myekundu! Nani atasoma hayo Edinburgh? Nimemtoa Jean, nimeweka malkia mwenye mikono ya theluji. Nimetuma.

Alhamisi, 20 Novemba
Jibu. Wimbo ni lulu, isipokuwa ubeti wa malkia, unanuka wino mbichi. Kaufuta. Sijui Carruthers kasikia wapi, kaniinamia mbele ya watu: "Shikamoo, baba wa malkia!" Niliwaka masikio.

Baadaye Bibi Elspeth aliniuliza kama mama yake amefika Edinburgh. Nikasema amefika salama. Akanifungia siagi.

Ijumaa, 21 Novemba
Nimemwandikia Abercairn, nimekiri yote. Posta inaondoka adhuhuri, na kitabu kinaanza kuchapwa wiki ijayo. Nafasi ipo. Nimeuandika ubeti wa kweli neno kwa neno, Jean na mikono yake myekundu. Nimejisikia mtu safi kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Kisha nikausoma kwa sauti. Macho ya Jean hayatajwi popote! Nimeongeza mistari miwili tu, macho ya bluu. Abercairn hawezi kugundua.