Jamu ya Papai na Kifuniko Changu

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye duka la mikate anatafuta mtu wa kumpikia jamu ya papai. Ataonja Ijumaa. Kazi yangu hiyo! Ila shemeji, mdogo wake mke wangu, naye kajitosa. Jiko letu ni moja, na mke wangu kashakata shauri: atakayeshindwa atahama jikoni. Namhurumia shemeji.

Jumanne, 4 Machi
Nimechagua mapapai yaliyoiva mpaka yanapasuka. Shemeji anachanganya na yenye ubichi kidogo. Maskini! Nimefunika sufuria gubigubi, utamu usitoroke. Mke wangu akasema nifunue, maji yapungue. Nikamwambia jamu haitaki kiherehere. Jioni imemwagika kwenye mkate kama supu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeiba ndimu za shemeji. Bila ndimu jamu yake haigandi ng'o! Nimezikamulia kwenye chai, nikanywa zote, ushahidi ukaisha. Tumbo linawaka moto. Shemeji kaazima nyingine kwa jirani, wala hakununa. Mke wangu kaniuliza kwa nini nisitie ndimu kwenye jamu yangu. Kwani papai lina mafua?

Alhamisi, 6 Machi
Nimeongeza unga wa ngano. Sasa imeganda! Imeganda hasa, mwiko hautoki. Nimeonja, nikakumbuka gundi ya shuleni. Basi, nimebadilisha lebo. Jina langu liko kwenye chupa ya shemeji, lake kwenye yangu. Akili ni nywele, na mimi sina upara!

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye duka kaonja chupa yenye jina langu, kafumba macho, kasema hajapata kula jamu kama ile. Nikavimba kichwa. Akauliza naipikaje. Nikamweleza yote: mapapai ya kupasuka, kifuniko, unga, ndimu marufuku. Akanipeleka jikoni kwake, akanipa sufuria, akasema haya, tuone.

Tumeona. Shemeji kacheka mpaka kakaa chini. Kazi kapewa yeye. Aibu niliyoipata! Nimerudi kwa njia ya nyuma.

Jumamosi, 8 Machi
Nimehamia uani na jiko la mkaa. Shemeji kaniletea ndimu mbili, kasema, pole shemeji, jaribu na hizi. Nimezitia kwenye chai.

Nimewaza asubuhi nzima, na kosa nimeliona. Kifuniko kilikuwa chepesi mno. Leo nimekiwekea jiwe juu.