Sukuma kwenye Viriba vya Mipapai

Jumamosi, 20 Aprili 1996

Ruiru tena, shamba la kando ya mto. Watoto sita wa Mwalimu Beth, wale ambao shule za kawaida zimesema haziwawezi. Kila mmoja ana viriba vitano, vile vifuko vyeusi vya miche, vyenye mbegu za mpapai. Zahra wangu, miaka tisa, hajagusa udongo. Wiki ya nne! Anakaa kwenye gunia lake, mikono kwapani. Mbegu alizidondosha kwa kijiko.

Mwas, mtoto wa Githinji fundi redio, nyumbani hatulii hata dakika. Hapa anabeba maji mpaka anatulia mwenyewe. Mipapai yake imeota. Githinji amenitangazia mara tatu. Ati, "Baba Zahra, mbegu zako zimelala ama zimehama?"

Mwalimu Beth akanivuta kando. Akasema kwa upole kwamba kama shamba linamtesa mtoto, tusimlazimishe. Kuna mwingine kule Witeithie anangoja nafasi. Tutaangalia Jumamosi ijayo. Nikamwambia Zahra analipenda shamba, ila kimyakimya.

Ni kweli. Jumamosi ndiyo siku pekee anayovaa viatu bila kulia. Nafasi hii haipotei!

Jumapili, 21 Aprili

Mpango wa kwanza. Udongo kwenye beseni, katikati ya sebule, hapa Makongeni. Nikatia miguu yangu kumwonyesha raha yake. Zahra akaleta taulo, akafunika beseni pamoja na miguu. Jirani yetu Zubeida akachungulia, akauliza naugua nini. Nikasema uchovu. Jioni ameniletea mwarobaini. Nimekunywa kwa adabu.

Jumanne, 23 Aprili

Leo nimekumbuka nanaa ya marehemu mke wangu Amida, ile ya kwenye mkebe wa mafuta dirishani. Kila asubuhi alifikicha jani, akampa Zahra anuse vidole vyake. Alipotuacha mwaka jana, niliimwagilia kila nilipomkumbuka. Ikaoza kwa wiki mbili.

Ijumaa, 26 Aprili

Zamu yangu ya kumwagilia kitalu. Sina shahidi! Nimepitia sokoni, nimenunua miche mitano ya sukuma wiki. Mimi ni mtu wa kiwanda cha nyuzi, lakini hili najua: miche michanga yote hufanana. Nimeipanda kwenye viriba vya Zahra. Kesho Mwalimu ataona mtoto mwenye mkono wa baraka. Na Githinji anyamaze.

Jumamosi, 27 Aprili

Haifanani.

Githinji ndiye aliyeona kwanza. "Ngai! Mpapai umezaa sukuma! Baba Zahra, wiki ijayo utaota ugali?" Wazazi wote wakacheka. Mwalimu Beth hakucheka. Akaniangalia. Nikaangalia mto.

Kisha Zahra akainuka kwenye gunia. Akaja moja kwa moja kwenye viriba vyake. Akang'oa sukuma ya kwanza, akailaza chini. Ya pili. Zote tano, akazipanga mstari. Nikajua nimemharibia.

Halafu akatia vidole kwenye udongo. Vidole vitupu! Akafukua polepole, kiriba kimoja baada ya kingine. Kwenye cha tatu akaacha. Kulikuwa na kichipukizi, kimepinda kama ndoano. Nilikuwa nimekizika chini ya sukuma yangu.

Akanusa vidole vyake, kisha akaniletea puani.

Nikaenda mtoni kunawa uso. Githinji akanifuata, akanipa leso yake, akasema moshi wa hapa ni mkali. Hapakuwa na moshi.

Mwalimu ameamua: Zahra anabaki. Mtoto wa Witeithie atakuwa wa saba. Mimi nisiguse kiriba chochote. Zamu yangu ya Ijumaa amepewa Githinji!

Jumapili, 28 Aprili

Nimetubu. Ile sukuma nimeipanda kwenye mkebe wa Amida. Zahra ameimwagilia kidogo tu, kisha akaninyang'anya kopo la maji na kulificha.

Ila nimewaza. Mpapai wa Zahra haujafungua hata jani. Wa Mwas una manne. Githinji anamwagilia Ijumaa. Alhamisi hakuna mtu. Na leo sokoni nimeona vijiti vya muhogo vilivyochipua. Jani la muhogo na jani la mpapai, ukisimama mbali kidogo, ni mapacha kabisa.

Nitamwomba Mwalimu asimame mbali kidogo.