Taa Yangu Imegeuzwa Pambo la Friji

Kwa Baba Mkubwa Ngadiran,
Mashamba ya Michikichi, Kalimantan.

Baba Mkubwa mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa wima, vifungo vyote vya shati nimevifunga, ujue jambo hili ni zito. Namshtaki mkeo. Mama Mkubwa Sutinah amenipora kifaa changu, na kwa kukipora amehatarisha maisha ya Bibi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Friji ulilotununulia linauma. Ukiligusa ukiwa peku, mkono unachonyota mpaka kwapani. Hapa nyumbani hakuna anayeshangaa. Kandambili zimewekwa mbele yake: unavaa, unafungua, unavua, mwenzio anavaa. Watoto wanaokuja kununua barafu za choroko Mama Mkubwa huwaambia, "Likikutekenya ujue limegandisha vizuri." Nao wanaamini!

2. Mimi Wasis, niliyeacha shule ya ufundi mwaka wa pili kwa sababu ilikuwa inanichelewesha, nimeunda kifaa cha kunusa umeme bila kuugusa. Redio mbovu ilinipa transista tatu. Puani mwa kifaa nimezungushia waya wa shaba, nao ukikaribia umeme unasikia kama mnong'ono. Transista ya kwanza inaupokea, inaupeleka kwa ya pili kwa sauti zaidi, ya pili kwa ya tatu, kama umbea wa kwenye genge la kuuzia tempe za soya: unaanza "kakohoa," unafika "kafa." Hapo kataa kekundu kanawaka. Vyote, pamoja na betri, nimevitia ndani ya kalamu nene iliyokauka wino. Ni nani mwingine hapa kijijini angeweza? Usijisumbue kufikiri.

3. Nilikisogeza kwenye friji. Hata sijaligusa, kakawaka kama jicho la mwenye hasira. Nikapiga kelele, "Mama Mkubwa, friji lote lina umeme! Chomoa!" Unajua alisemaje? "Kumbe! Sasa umeme ukikatika na kurudi nitajua bila kufungua mlango." Akakinyakua, akakifunga kwa mpira kwenye mkono wa friji. Baba Mkubwa, kifaa cha kutangaza hatari kimekuwa cheti cha afya! Kila asubuhi anakachungulia: "Alhamdulillahi, friji zima."

4. Bibi. Hapa sitanii. Akitoka kutia udhu huja jikoni miguu ikichuruzika, anataka maji baridi. Ukimsogezea kandambili anafoka, "Nimeshatawadha, unanivisha viatu vya kila mtu?" Mpaka sasa mimi ndiye ninayemkimbilia na kumfungulia. Siku nikiwa sipo je? Nami ni kijana mwenye miadi mingi.

5. Kwa hiyo naomba uandike amri, kwa mkono wako, friji litolewe nje likae chini ya mpera. Mimi niteuliwe Mkuu wa Umeme wa Ukoo. Asiguse mtu chochote chenye waya bila ruhusa yangu, hata wewe ukija likizo. Tena Mama Mkubwa akiombe radhi kifaa changu mbele ya wateja. Msingi wangu ni mmoja tu: kataa kale kakiwaka, ndiko kanakoweza kumwokoa Bibi.

Wasalimie wenzako wa kambini, mpishi wenu, na yule nyoka uliyesema anakaa chooni. Mama Mkubwa anakusalimu sana, ingawa hajui kwamba anashtakiwa.

Ni mimi mwanao, mpole na hodari,
Wasis

Nyongeza: Barua ilikuwa bado haijafungwa, betri ya kifaa ikaisha, kataa kakazimika. Mama Mkubwa akapiga mayowe, "Friji limekufa! Barafu zangu!" Kabla sijafungua mdomo, ameshamleta fundi wa mafriji kutoka mjini. Fundi akashika mlango, akaruka nyuma. "Nyie watu mnaishije na kitu hiki? Baridi lipo, ila umeme unavuja mpaka kwenye bati!" Akabadilisha waya uliochubuka, akaliunga friji na chuma alichokichimbia ardhini. Haliumi tena. Yaani kilipokuwa kinawaka hakuna aliyenisikiliza. Kimezimika tu, Bibi kasalimika. Nimetia betri mpya, nikakisogeza kwenye mlango wa friji: giza tu. Mama Mkubwa akaniachia kabisa, "Chukua, kimeharibika." Jioni hii Bibi kafungua friji mwenyewe, peku, miguu ikichuruzika, kanywa glasi nzima, kisha kaniuliza, "Hivi hako kataa kako kalikuwa ka nini, mjukuu wangu?"