Mashuka ya Rimma

Jumatatu, 1 Oktoba 1990

Nimemkosea Rimma. Naandika hivyo mwanzo kabisa, kabla kichwa changu hakijaleta visingizio. Kinavyo vingi.

Mambo yalianzia mguuni. Buti langu la kushoto limeachama kama mamba, na madukani hapa Syzran hakuna kitu ila makopo ya mwani. Rafu nzima, yamepangwa kama gwaride. Mwani mguuni utauvaaje? Lakini mkienda wawili ofisi ya ndoa, mkaandikisha kwamba mtaoana, mnapewa kuponi za duka la maharusi. Mle kuna viatu. Kuna suti. Kuna mashuka! Nusu ya mji wameshachumbiana hivyo, na harusi hakuna. Kila mtu anajua.

Basi mwezi uliopita nikampigia goti jirani yangu Rimma, palepale jikoni tunapopikia wapangaji watatu. Mjane, mpishi wa chekechea. Nikampa ua nililolitoa miguuni pa sanamu ya Lenin. Bado bichi kabisa. Akalia. Akasema ndiyo. Nilidhani analilia viatu.

Leo nimemsikia kwenye simu ya koridoni akimwambia dada yake aje na bata bukini, harusi ni Jumamosi tarehe 27. Jamani! Kumbe hakuelewa.

Nitamwambia kesho. Kwanza tuchukue viatu.

Jumatano, 3 Oktoba

Duka la maharusi! Rimma kapata mashuka mawili ya kitani. Kayanusa mbele za watu. Anasema tangu mumewe afe analalia nepi za chekechea alizoziunga kwa mkono. Kanipa niyaweke kabatini kwangu, lake halifungi.

Mimi nimepata buti. Namba 45. Navaa 41. Muuzaji kasema chukua au acha, mzee, mguu utakua. Nikachukua! Nani anaacha?

Nimejaza magazeti mbele. Zamani magazeti yetu yalikuwa matupu, laini. Tangu yaruhusiwe kusema kweli, yanaumiza vidole.

Lobanov, mstaafu wa chumba cha tatu, kaniona. Kauliza mbona bwana harusi anatembea kama bata, au ndiyo mageuzi yenyewe. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge. Akasema angejinyonga, kamba hazipatikani. Shetani yule!

Rimma sijamwambia. Alikuwa anaimba.

Jumamosi, 6 Oktoba

Asubuhi nilikuwa na mpango safi. Kuna jamaa wa ghala ng'ambo ya mto, anasaka mashuka. Nampa mawili, ananipa jozi mbili za buti namba 41. Moja navaa, ya pili naibadilisha sokoni kwa mashuka mengine. Rimma hatajua hata kama yalitoka nje.

Nikatoka na furushi langu la kitani kwapani. Njiani, foleni! Sasa foleni huulizi ya nini. Unauliza wa mwisho nani, unasimama nyuma yake, mengine baadaye. Ukianza udadisi, kumi wameshakutangulia. Na hii ilikuwa ya kimya, watu wameinamisha vichwa. Foleni ya kimya ni ya kitu kizuri. Nyama, nikajisemea. Pengine kahawa.

Nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Haja ndogo ikanibana. Bwana mmoja wa kofia, mpole, nyuma yangu, akasema leta mzigo nikushikie, ndugu. Nikampa. Niliporudi, bwana hayupo. Mashuka hayapo. Nafasi yangu ipo! Walinilindia. Watu waaminifu sana.

Nimkimbize? Na buti 45? Niache foleni niliyoitesekea hivyo? Sikubali! Nikabaki.

Dirishani dada akasema toa kadi. Kadi gani? Ya Chama cha Kikomunisti. Ilikuwa foleni ya wanaokihama Chama! Nikasema sijawahi kuwa mwanachama. Nyuma wakaanza: mzee, hama twende, unatuchelewesha! Nikasema siondoki mikono mitupu. Katibu akatoka, macho mekundu, akaninong'oneza kwamba tangu mwaka uanze hajaona mtu anayeingia. Akanipa chai. Na sukari, vipande viwili!

Basi nimejiunga. Mwanachama wa majaribio. Foleni nzima ilicheka hadi barabarani. Wacheke. Mimi nimekunywa chai.

Jumatatu, 8 Oktoba

Lobanov kamweleza Rimma mchezo wote wa kuponi. Mnafiki! Yeye mwenyewe suti yake ya kijivu aliipata kwa njia hiyohiyo.

Rimma kanikabili jikoni, mwiko mkononi. Prosha, ulinitaka mimi au buti? Nikasema kweli, maana siku hizi inaruhusiwa. Buti. Mwanzoni.

Hakulia. Kaniita ndugu Zhurkin, jina langu la ukoo. Miaka tisa jiko moja, hajawahi. Kaisogeza sufuria yangu mbali na yake. Kasema watoto wa chekechea wameshachora picha za harusi, yeye na gauni, mimi na masharubu. Kisha kanyoosha mwiko: sherehe sifuti, bata simfuti, ninayemfuta ni wewe! Siku hiyo natimiza hamsini, watu watakula na kucheza, na dada yangu atalala kwenye mashuka yangu. Yalete.

Nikasema yako kwa dobi. Lobanov, akimenya viazi, akauliza mashuka mapya yanafuliwa uchafu gani. Nikatapika yote.

Rimma akaketi. Akauliza foleni ilikuwa ya nini. Nikamwambia. Lobanov alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Rimma hakucheka. Kasema polepole: ningelala juu yake usiku mmoja tu, ndugu Zhurkin, kabla hujayatoa.

Sijala. Buti limenibana mahali ambapo si mguuni.

Alhamisi, 11 Oktoba

Lobanov anasema mtu kama mimi hana lake ila kuomba radhi na kunyamaza. Kunyamaza? Mimi? Nitalipa!

Na njia ninayo. Ofisi ya ndoa ya ng'ambo ya mto hawanijui. Kapitolina, mfagiaji wa jengo letu, hana mume, na kuponi ni zilezile. Asubuhi nimempigia goti kwenye majani makavu. Ua nimelitoa palepale kwenye sanamu. Sasa mimi ni mwanachama, nina haki.

Safari hii nimejifunza, nimesema wazi: Kapitolina, shida yangu ni mashuka. Kaona haya, kafunika uso kwa aproni, kalia, kasema ndiyo. Kisha katupa ufagio na kukimbilia simu kumpigia mama yake. Sijui mama mtu naye anataka nini. Labda viatu.

Naapa: Ijumaa tarehe 26, kabla ya saa sita mchana, mashuka mawili ya kitani, yaliyopigwa pasi, yatakuwa mlangoni kwa Rimma.