Ombi la Kutouawa kwa Panga Zangu Mwenyewe

Sowiny Bród, 19 Juni

Kwa Bwana Wacław Trzebiak,
Mwenyekiti wa Udugu wa Mashujaa wa Kivuko

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kabla ya yote nakupa pole ya goti. Bogumiła, mke wangu, kasikia sokoni kwamba umeteleza ukishuka farasi, na alivyosimuliwa ni kwamba farasi alikuwa amesimama. Mimi sijambo, ila nina la moyoni, na nimeona nilitoe kwa maandishi, maana mkutanoni nikisimama kusema watu huanza kutafuta makoti yao.

Unanifahamu: Ireneusz Pabich, fundi lifti mstaafu, mwanachama wa mwaka wa kumi na moja. Kila Jumamosi ya pili ya Julai Udugu wetu huigiza vita vya kivuko, wewe ukiwa mfalme wa upande wetu na mimi nikiwa askari wa msalaba mweusi aliyekuja kutunyang'anya mto. Vita huchukua dakika arobaini na tano. Mimi huuawa dakika ya nne. Miaka yote hiyo nilivumilia, kwani mtu mzima hanuni kwa sababu ya kufa. Mwaka huu mambo ni mengine: Bogumiła anakuja kutazama.

Hajawahi kuja. Kila mwaka nilipomwomba alinijibu, "Mimi nikakae juani kutazama wazee wakigongana masufuria? Nenda baba, ukirudi utanikuta." Juzi, akimenya viazi, akasema bila kuinua kichwa kwamba safari hii atakuja. Sikulala. Mwanamke huyu amepanga nguo zake nusu kabati kwa miaka kumi na moja ili nusu ya pili ikae chuma changu, na siku ya kwanza anayokuja kuona chuma hicho kinafanya kazi gani, atanikuta chini kabla hajafungua chupa yake ya chai. Nataka anione nimesimama vita vikiisha. Ndilo ombi langu zima; yaliyobaki ni sababu zake.

1. Sikuchagua upande. Katika Udugu wetu upande wa mtu huamuliwa na kabati lake: mwenye joho jeupe na msalaba mweusi ni adui, mwenye ngozi na manyoya ni mwenyeji. Mimi nilipoanza kukusanya nakala za silaha za zamani sikuwaza nani alishinda. Niliona kwa mhunzi mmoja wa Ucheki chapeo iliyofunika kichwa chote, ina msalaba wa shaba usoni, nikaipenda kama mtu anavyopenda. Nikanunua na joho lake. Sikujua kwamba nanunua kifo. Bwana Seweryn, fundi bomba, alijiunga mwaka mmoja baada yangu na koti la babu yake aliloligeuza ndani nje, na hadi leo hajafa hata mara moja.

2. Huyo Seweryn ndiye huniua. Simchukii, alishanizibulia bomba la jikoni. Lakini huniua kwa upanga wangu. Ni ule namba tatu, wa kushika kwa mikono miwili, niliousafirisha kwa treni kutoka mpakani ndani ya mfuko wa fimbo za kuvulia, kondakta akiniuliza samaki gani wananasa mtoni siku hizi. Kati ya panga ishirini na sita zinazoingia uwanjani, kumi na saba zinatoka kabatini kwangu, na kumi na sita kati ya hizo mnazishika nyie washindi. Alhamisi ya wiki ya vita ninazipiga msasa, ninazipaka mafuta ya cherehani, ninazifunga kwa flana. Jumamosi zinanigeukia. Jumapili zinarudi mlangoni kwangu zina mapengo kama meno ya mzee, na Seweryn, anayenifupisha jina, ananiambia, "Mzee Irek, upanga wako laini, unaumia kwenye chapeo yako." Ndugu Mwenyekiti, upanga na chapeo vyote vyangu. Nina hasara pande zote mbili za vita.

3. Kufa kwenyewe. Deraya yangu ina kilo ishirini na saba. Nikishaanguka siruhusiwi kuinuka hadi tarumbeta ya mwisho, yaani dakika arobaini na moja chali kwenye jua la Julai. Ndani ya chapeo naona kipande cha mbingu chembamba kama tundu la sanduku la barua. Mwaka juzi sisimizi walinipitia kwenye kinena, na Bi Urszula wa Kamati ya Uhalisia, aliyekuwa akipita kukagua mishono yetu, akaniinamia na kuninong'oneza, "Usijikune, marehemu." Mwaka jana mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti, "Na kule anaanguka yule mnene." Watu mia nne walisikia. Nilikuwa maiti, sikuweza kujibu.

4. Supu. Tarumbeta ikilia walio hai wako karibu na sufuria la supu ya njegere, na sisi wafu tuko ng'ambo ya uwanja tukisaidiana kugeuka ubavu. Nikifika, soseji zimekwisha, limebaki rojo. Naandika hili kwa ufupi kwa sababu linaniuma kuliko nilivyotarajia.

5. Kuhusu Bi Urszula naomba nisieleweke vibaya. Ni mama wa haki, na aliponivua miwani getini alikuwa anafuata kanuni. Lakini bila miwani simwoni Seweryn hadi awe ameshaniua, na saa yake mwenyewe ya mkononi, ile ya bluu, sijasikia ni ya karne gani.

Sasa nakuja kwenye dawa. Nimetafakari kwa upole, na ninapendekeza kwanza kanuni fupi: mtu asiuawe kwa mali yake. Haigusi historia hata kidogo, ni adabu tu. Ukija kwangu nikakupa kiti, hunipigi nacho.

Kwa kuwa najua utasema historia ni historia, nilikwenda maktaba ya wilaya nikasoma masimulizi yale tunayoyafuata. Yameandikwa na mtawa wa upande wetu ambaye anakiri mwenyewe, ukurasa wa pili, kwamba siku ya vita alikuwa na homa na habari alipewa na mpishi. Anasema askari wa msalaba mweusi "walianguka wote". Hasemi kama walibaki chini. Mimi nimeanguka mara nyingi maishani, hata kwenye shimo la lifti, na niliinuka. Basi mmoja wao angeweza kuinuka. Akiinuka, anakuta nyie mmeshavua chapeo mnakunywa. Mtu mwenye akili hapo hawashambulii, anawaita mezani. Na mkikaa mezani na mtu ambaye ndiye pekee aliyevaa deraya, kwa kweli kivuko kinakwenda kwake. Kwa hiyo, ukifuata maandiko bila ushabiki, inaonekana vita vile sisi wenyeji tulishindwa, na anayepaswa kulala chini dakika ya nne ni mfalme. Naomba ulipokee hili kama utafiti. Pia lingesaidia goti lako.

Kamati ikiona mageuzi haya ni makubwa kwa mwaka mmoja, nitaridhika na Jumamosi hii moja tu, kisha Julai ijayo sisi wa msalaba tushindwe kama kawaida. Na ikikataa kabisa, sitafanya fujo. Nitamwambia shemeji yangu asilete gari la kuzibeba, na panga zangu kumi na saba, majambia tisa na ngao mbili zenye picha ya tai zitabaki nyumbani kwangu. Mtakuwa na panga tisa na farasi mmoja mtulivu. Washindi waliobaki mikono mitupu wanaweza kutumia miiko ya supu, maana hiyo wanaijua vizuri.

Naandika haya bila hasira, kwa heshima ya mtu ambaye bado anataka kuwa mwanachama. Nina miaka sitini na sita. Mambo ambayo mke wangu hajayaona kwangu yamebaki machache, na mengi ya hayo ni bora asiyaone. Hili moja nilitaka liwe zuri.

Nisalimie mama watoto, Kamati yote, Bi Urszula na saa yake, Seweryn pamoja na wateja wake, mtangazaji (mwambie nimepungua kilo tatu), na yule farasi. Namalizia hapa nikingoja jibu kabla ya Alhamisi ya msasa,

Wako mtiifu, askari wa msalaba mweusi, bado hai,

Ireneusz Pabich
Ghorofa ya nne, mlango unaofunguka nusu kwa sababu ya ngao

Tanbihi: Barua hii niliiacha mezani nikaenda posta kununua stempu, na Bogumiła kaisoma yote. Nimerudi nimemkuta amekaa kwenye kiti cha jikoni anafuta macho kwa aproni. Nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka. Akaniambia, "Nani kakwambia nakuja kukuona ukishinda? Jirani yetu Halina, yule mama wa ghorofa ya pili, huenda kila mwaka, anasema wenzako wanaanguka kama magunia, lakini Pabich anakufa kama mtu mwenye kwao. Mtaa mzima umeshakuona unakufa isipokuwa mimi mkeo. Ole wako unisimamie pale kama nguzo." Kumbe kiti cha kukunja kashakiazima, chai ya ndimu kapanga, na bakuli la supu atanichukulia yeye, na soseji, kabla washindi hawajafika. Halafu akaniuliza huwa naanguka wapi hasa, ili ajue akae upande gani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, futa yote niliyoandika hapo juu. Historia ibaki ilivyo. Seweryn apewe upanga namba tatu, nimeshaupaka mafuta. Naomba tu niuawe dakika ya pili badala ya ya nne, tena pembeni, kwenye kamba ya watazamaji: Bogumiła kanunua mwavuli mkubwa, na anasema unatosha watu wawili, mradi mmoja wao awe amelala.