Uzinduzi wa Kituo cha Kuwapima Watoto Wachanga, Fairfield

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Tendaji mlioketi meza kuu karibu na sambusa. Wachungaji wa madhehebu yote. Wazee wetu wa Burundi, Kenya, Kongo na Tanzania. Ndugu wa viwandani Smithfield mliotoka shifti na mnasinzia kwa heshima. Akina mama, akina baba, na ninyi watoto mnaoelewa Kiswahili lakini mnajibu kwa Kiingereza: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtoto mchanga analia kidogo, ananyamaza.)

Mimi, Salvator Bigirimana, ninayo furaha isiyo kifani kuzindua rasmi, kwa mujibu wa strategic framework niliyoibuni mwenyewe ndani ya treni ya kwenda mjini, Kituo cha Kuwapima Uzito Watoto Wachanga, mradi ambao haujapata kuonekana popote Sydney. (Makofi. Sauti ya mwanamke: "Kiko wapi?")

Nitafika huko. Hapa mbele ameketi binti yetu Armelle, mzazi wa mara ya kwanza, na mwanawe Keza mwenye wiki tatu, ambaye bado hajarudia uzito aliozaliwa nao, na mama yake hali wala halali, na amekuja mapema kuliko hata Kamati kwa kuwa tangazo letu lilisema njooni mpimiwe watoto. Armelle, mwanangu, ondoa hofu, maana jambo lako tumelikalia vikao vingi sana, na data zinaonyesha ongezeko kubwa: tangu vikao vianze, mweka hazina peke yake ameongezeka kilo saba. (Kicheko. Mweka hazina anajaribu kufunga koti, kifungo kinagoma.)

Wapo wapinzani wa maendeleo, sitawataja, Sista Jerusha anajijua, wanaodai eti mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo. Anapunguaje bila kibali cha Kamati? (Jerusha, nesi, anasimama huko nyuma: "Kupungua mwanzoni ni kawaida, Chairman! Lakini wiki tatu na hajarudi, lazima acheckiwe leo. Armelle, ananyonya vizuri?" Armelle, machozi yakimlengalenga: "Anavuta kidogo tu, dada, halafu analala. Nikimwamsha, analala tena.")

Noted, Sista, noted. Sasa vifaa! Kwa kuzingatia best practice za kimataifa, tumeleta kifaa ambacho kila nyumba yetu inacho. (Makamu mwenyekiti anainua mizani ya mkononi ya kupimia masanduku ya safari, imefungwa utepe mwekundu.) Ina ndoano imara, ina taa, na target yetu ni kila mtoto afikishe kilo ishirini na tatu, kama ndege zinavyoruhusu. (Concilie, bibi yake Keza: "Unataka kumtundika mjukuu wangu kama begi?") Si kumtundika, mama, ni kumpandisha hadhi!

(Jerusha amemshika Armelle mkono: "Twende kliniki ya watoto, ni hapa tu." Wanatoka. Concilie anafuata na blanketi, mstari wa mbele unafuata, kisha wa pili.)

Naona stakeholders wameanza utekelezaji hata kabla ya chai. Safi sana! Mtoto mzito! (Mweka hazina, peke yake, mdomo umejaa: "Jamii nzito!") Kituo chetu! ("Fahari yetu!")

Kwa kumalizia, nawashukuru nyote mnaoondoka. Namshukuru ndugu Njenga kwa mizani yake, atarudishiwa leo hii kwani kesho anasafiri. Namshukuru mchungaji mwenye ukumbi huu; kama angetupatia ufunguo wa stoo ya viti, hiyo stoo ndiyo ingekuwa Kituo. Na wewe Sista Jerusha, mkifika huko, naomba umpige Keza picha akiwa juu ya mizani yao, unitumie, tuitundike ukutani kama mtoto wa kwanza kupimwa na mradi wetu. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Concilie, mlangoni, anageuka: "Picha hupati, Salvator. Kilo atakazoongeza huyu ni za mama yake.")