Kichwa cha Hamimu, Kiti Changu

Jumatatu, 2 Machi 1998
Kiti changu kimekwenda! Tangu nikimbilie hapa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, kiti kilicho karibu na jiko la kahawa la Mama Zubeda ni changu, kwa heshima ya usomi wangu. Leo kimekaliwa na Hamimu, yule aliyeanguka kutoka kwenye lori. Eti kichwa kilipogonga barabara kilifunguka: mtajie tarehe yoyote, atakuambia ilikuwa siku gani. Mimi nimepewa ndoo, niikalie.

Jumanne, 3 Machi
Nimemjaribu kisayansi. Nikataja 7 Juni 1995, siku niliyotoka nyumbani kwangu Kamenge. Akanikodolea macho, akazitaja siku polepole kama avutaye tasbihi. Alipofika Jumatano nilimeza mate. Akakomea hapo hapo. Sawasawa! Makofi. Mama Zubeda akaniambia: Muzee, apana cheza na hii kichwa.

Jumatano, 4 Machi
Nimegundua! Si kichwa chake, ni uso wangu. Anasoma jibu usoni mwa anayeuliza. Dawa yake: aulizwe jambo lisilojulikana na yeyote aliyepo. Kiti kinarudi kesho.

Alhamisi, 5 Machi
Kalenda ya Mama Zubeda, zawadi ya duka moja la mtaa wa Asiatique, niliifunika kanga. Mpwa wangu Asiya akabahatisha tarehe: 23 Septemba mwaka huu. Hamimu akanitazama. Hakuna kitu. Akamtazama Asiya. Patupu. Jasho likamtoka! Akasema Ijumaa. Nikaivuta kanga kwa madaha. Jumatano!

Mama Zubeda akasema Septemba haijafika, tungoje kwanza tuone. Bahizire, makanika wa Uvira, akaongeza kwamba siku hizi kila mutu anahamishwa, kwa nini Jumatano isihamishwe? Wote wakakubali. Nimerudi kwenye ndoo.

Ijumaa, 6 Machi
Ushindi! Baada ya sala Hamimu alitangaza mbele ya wote kwamba jana alizibwa na kipawa kikubwa kuliko chake: changu. Eti nikimtazama mtu usoni, uongo wake wote nauona. Kusema kweli nilikuwa nikikihisi tangu utotoni. Mama Zubeda akauliza kama nijaribiwe. Nilimjibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji majaribio.

Kiti abaki nacho yeye, kashauri Hamimu. Mwenye kipawa kama changu inafaa asimame mlangoni, azione nyuso zote. Nilimtazama usoni kwa makini. Mtu mkweli kabisa.